Bia ya Kibelgiji tamu mno au chungu mno: chanzo kiko wapi?

Mtu akipika tripeli, bia kali ya dhahabu ya Kibelgiji, nyumbani ikatoka tamu, safari inayofuata huongeza hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu. Ikitoka chungu, hupunguza hopsi au hutia kimea cha karameli ili "kusawazisha". Mara nyingi njia zote mbili huharibu zaidi, kwa sababu katika bia za Ubelgiji hopsi siye mshitakiwa wa kwanza. Utamu unaousikia kinywani unaweza kuwa sukari iliyobaki, harufu ya matunda iliyoachwa na hamira, kilevi chenyewe, au upungufu wa gesi tu. Uchungu nao una milango mingi, na hopsi ni mmoja wao.

Kwanza ujue unalenga nini. Bia hizi ni kavu kuliko sifa zinazopewa. Westmalle Tripel, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1934 katika abasia ya watawa wa Westmalle karibu na Antwerp na mapishi yake kurekebishwa mwaka 1956, ina kilevi cha asilimia 9.5. Pua inapata ndizi mbivu na maua, lakini ukishameza mdomo unabaki mkavu na unataka funda jingine. Duvel, yenye asilimia 8.5, ni kavu zaidi. Kongo, Rwanda na Burundi, nchi zilizowahi kutawaliwa na Ubelgiji, hunywa sana Primus, lakini Primus ni laga, bia nyepesi ya kawaida. Aliyezoea hiyo peke yake akikutana na tripeli nzuri anaweza kudhani imeharibika. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu bia yako, tafuta chupa moja ya bia halisi ya aina unayoipika na uionje kando ya yako.

Pima kwanza

Haidromita ya bei nafuu, kifaa kinachoelea na kuonyesha bia ina sukari kiasi gani (maji matupu ni 1.000), ndiyo inayoamua kesi. Chukua sampuli, itoe gesi kwa kuimimina toka glasi moja hadi nyingine mara kadhaa, iache ifike nyuzi 20 za sentigredi (haidromita nyingi zimetengenezwa kwa joto hilo, soma karatasi ya kwako), kisha soma namba. Ukitumia refraktomita, inayopima sukari kwa mwanga, kumbuka kwamba kilevi huipotosha: bia iliyomaliza kuchacha kabisa itaonekana bado ina sukari. Wapo wanaomwaga pakiti nzima ya hamira kwenye bia iliyokwisha kazi zamani, kisa kifaa kimesema.

Kabla ya kuchacha, tripeli huanzia kati ya 1.075 na 1.085, na huishia kati ya 1.008 na 1.014. Dubeli, bia ya kahawia, huanzia 1.062 hadi 1.075 na kuishia 1.008 hadi 1.018. Bia kali ya rangi ya dhahabu huishia 1.005 hadi 1.016, na sezoni, bia kavu ya mashambani, hushuka hadi kati ya 1.002 na 1.008. Bia kali nyeusi, zile za ukoo wa Rochefort 10, zinaruhusiwa kubaki juu kidogo, hata 1.024. Linganisha namba yako na hizi ndipo uendelee, kwa sababu tamu yenye kipimo cha juu na tamu yenye kipimo cha chini ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Tamu, na kipimo cha mwisho kiko juu

Tuseme tripeli yako imesimama 1.024 na haishuki. Sukari ipo kweli. Swali ni kama hamira imeshindwa kuila, au sukari yenyewe ni ya aina ambayo hamira haiwezi kuila. Bila kujua lipi ni lipi utahangaika bure.

Jaribio ni hili. Chota nusu lita ya bia hiyo, itie kwenye chupa safi, ongeza kijiko kizima cha chai cha hamira kavu, funika bila kukaza, weka mahali penye nyuzi 26 hadi 28 na uitikise kila upitapo. Baada ya siku tatu au nne, pima. Ikishuka hadi 1.012, basi chakula kilikuwapo na hamira ya kwenye ndoo kubwa ililala njiani. Ikibaki palepale 1.024, kosa lilitokea siku ya kupika.

Hamira ikilala, sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni idadi. Pakiti moja ya gramu 11 kwa lita 20 inatosha bia nyepesi. Tripeli inataka mbili. Ya pili ni hewa: hamira inahitaji oksijeni mwanzoni, kabla ya kuanza kuchachusha, kwa hiyo maji ya kimea yakishapoa yatikise au yakoroge kwa nguvu hadi yatoe povu. Baada ya hapo hewa ni adui. Ya tatu, na ndiyo inayowapata wengi wa Nairobi na Arusha mwezi Julai, ni joto kushuka. Hamira za Kibelgiji huanza vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 20, lakini zinataka joto lipande lenyewe hadi 24 hivi kuelekea mwisho. Usiku wa baridi ukiingia siku ya nne, hamira hujikusanya chini na kutulia huku theluthi ya kazi ikiwa bado.

Hamira ya sezoni inayohusishwa na kiwanda cha Dupont, kule Tourpes katika jimbo la Hainaut, ina sifa mbaya katika hili. Huanza kwa kishindo, kisha husimama karibu na 1.035 na kukaa hapo hata wiki mbili. Dawa yake ni joto: nyuzi 30, hata zaidi. Kwa mara moja mpikaji wa Dar es Salaam anamshinda wa Ulaya bila kununua kifaa chochote.

Kuokoa bia iliyolala, ipashe hadi 24 au 26, inua hamira iliyolala chini kwa kuzungusha ndoo taratibu bila kuifungua, na subiri siku tatu. Ikigoma, andaa hamira mpya kwenye glasi ya maji ya kimea hadi ianze kutoa povu, ndipo uitie. Hamira kavu ikirushwa moja kwa moja kwenye bia yenye kilevi cha asilimia saba au nane, nyingi hufa kabla ya kuanza kazi.

Usitie bia ya namna hii kwenye chupa ukitumaini itamalizia humo. Kila alama moja ya kipimo inayoshuka, kwa mfano toka 1.015 hadi 1.014, huzalisha takriban nusu ujazo wa gesi (ujazo mmoja ni lita moja ya gesi kwa lita moja ya bia). Alama sita ni ujazo mitatu, juu ya gesi iliyokuwamo na ya sukari utakayoongeza. Chupa hupasuka, na vipande vya kioo havichagui jicho la nani.

Sasa upande wa pili: jaribio limegoma, sukari haiwezi kuliwa. Hapo chunguza kwanza joto la kuloweka kimea. Kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari nyepesi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 65. Ukipanda hadi 68 au 70, kingine ndicho kinachotawala, na hicho huacha vipande virefu ambavyo hamira ya kawaida haivigusi. Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi tatu tu kinatosha kuleta balaa. Kijaribu kwenye maji yenye barafu, ambako kinapaswa kusoma sifuri.

Kisha tazama orodha ya vitu. Kimea cha karameli kikizidi, bia hubaki tamu hata hamira ifanye nini. Tripeli haikihitaji hata kidogo. Na hapa liko jambo linalowashangaza wengi: njia ya kuifanya bia hii iwe kavu ni kuongeza sukari. Sukari ya kawaida huliwa yote, inageuka kilevi na gesi, haiachi kitu kinywani, na inachukua nafasi ya kimea ambacho kingeacha mabaki. Wabelgiji hutumia sukari kwa sababu hiyo, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 ya vyote vinavyochachushwa. Mpikaji anayejivunia "kimea kitupu" ndiye anayepata tripeli nzito ya kukinaisha. Usihangaike kuagiza vipande vyeupe vya sukari ya kandi kwa bei ya dhahabu; hiyo ni sukari iliyogandishwa tu, na nyeupe ya dukani inafanya kazi ileile. Ya rangi nyeusi iliyopikwa kuwa sharubati ni habari nyingine, tutaifikia.

Bia iliyokwisha pikwa vibaya hivi hairudi nyuma kwa urahisi. Ninachopenda kufanya ni kuichanganya na sezoni kavu sana, au kuijaza gesi nyingi na kuinywa baridi.

Tamu, lakini kipimo kiko chini

Haidromita inasoma 1.008, ulimi unasema asali. Ziba pua kwa vidole, piga funda, meza, kisha achia pua. Kama utamu ulipotea pua ilipozibwa na ukarudi ulipoiachia, huna sukari; una harufu. Hamira za Kibelgiji hutoa esta, yaani kemikali za harufu ya matunda, hasa ile yenye harufu ya ndizi mbivu, na ubongo uliozoea kwamba harufu ya tunda huja na utamu hujaza pengo wenyewe. Esta huzidi pale joto linapokuwa juu siku mbili za mwanzo. Kwenye chumba chenye nyuzi 30, bia yenyewe inaweza kufika 33 kwa joto la uchachushaji. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike fulana iliyoloa inayogusa maji hayo, elekeza feni. Utaishusha nyuzi kadhaa bila friji. Siku ya tatu waweza kuiachia joto lake.

Pua ikizibwa na utamu ukabaki, angalia gesi. Hiki ndicho chanzo ninachokishuku kabla ya vingine vyote katika bia yenye kipimo kizuri. Mimina Duvel uone povu linavyopanda hadi nusu ya glasi. Gesi hiyo ina kazi: hugeuka asidi hafifu juu ya ulimi, huchoma kidogo, na hukata utamu. Bia ileile ikiachwa ikapoa gesi yote, ni tamu na nzito. Kwa ujazo mitatu wa gesi, bia iliyochacha kwenye nyuzi 20 inataka sukari gramu 8 hadi 9 kwa kila lita wakati wa kujaza chupa. Wengi hutia gramu 5 au 6, kipimo cha bia za Kiingereza, kisha wanalalamika tripeli imelala. Lakini tahadhari: chupa nyembamba za bia ya kawaida hazikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Tumia chupa nene za Kibelgiji au za mvinyo wenye gesi.

Bia kali pia huhitaji muda mrefu kupata gesi, kwa sababu hamira imechoka. Kama ina wiki mbili tu, rudi baada ya nne zaidi kabla ya kuhukumu.

Kilevi chenyewe kina utamu wake, na joto la glasi huuongeza. Onja kwenye nyuzi 8 kisha kwenye 16 uone zilivyo kama bia mbili. Na kama utamu unafanana na zabibu kavu, sheri au karatasi iliyoloa, hewa iliingia wakati wa kuhamisha bia. Hilo halina dawa. Safari ijayo tumia mpira unaofika chini ya chombo ili bia isirukeruke.

Chungu

Kabla ya kutaja chanzo, taja mahali. Uchungu wa hopsi hukaa nyuma ya ulimi na kufifia. Ukakasi hukausha fizi na mashavu kama umetafuna ndizi mbichi. Kilevi kibaya huchoma kooni. Watu huviita vyote uchungu, na hapo ndipo uchunguzi unapopotea.

Kama ni nyuma ya ulimi, fanya hesabu ya hopsi. Tripeli huvumilia IBU (kipimo cha uchungu wa hopsi) 20 hadi 40, dubeli 15 hadi 25 tu. Kosa la kawaida ni kubadili aina kwa uzito uleule. Kwenye lita 20 za maji ya kimea yenye 1.080, gramu 68 za hopsi yenye asidi za alfa (zile zinazoleta uchungu zikichemshwa) asilimia 5, zikichemshwa saa nzima, hutoa takriban IBU 30. Weka uzito huohuo wa hopsi yenye asilimia 14 na unavuka 80. Hopsi zinazofaa bia hizi, kama Saaz na Styrian Golding, ni za uchungu mdogo. Anayepika nyanda za juu ana jambo la ziada: Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94 au 95, na kwa joto hilo asidi za alfa hubadilika polepole kuliko pwani. Mapishi yaliyoandikwa Ubelgiji yatatoka na uchungu pungufu huko, na huenda hiyo ndiyo sababu ya "utamu" wa wengine.

Tena, uchungu si dhambi Ubelgiji. Orval changa ni chungu na kavu, XX Bitter ya De Ranke ni chungu kwa makusudi, na Taras Boulba ya Brasserie de la Senne mjini Brussels ina kilevi cha asilimia 4.5 na hopsi za kutosha. Zote tatu zinabeba uchungu huo kwa sababu ni kavu. Hakuna utamu wa kugombana nao.

Uchungu mkavu wenye ladha ya mkate mbichi na vidonge vya vitamini ni hamira. Umemimina chupa hadi tone la mwisho na mashapo yameingia kwenye glasi. Acha sentimita moja chini na uonje tena. Kwenye baadhi ya mikahawa ya Ubelgiji mashapo hayo hutolewa kwenye kiglasi kidogo pembeni, mwenye kuyapenda ayanywe. Nusu ya malalamiko ya uchungu ninayosikia yangekwisha hapa.

Kama ni ukakasi, chanzo ni tanini za maganda ya shayiri. Hutoka pale maji ya kusuuzia kimea yanapovuka nyuzi 77, au pH inapopanda juu ya 6 kwa sababu umesuuza kupita kiasi. Kimea kilichosagwa hadi kuwa unga nacho huchangia. Kukamua mfuko wa kimea hulaumiwa sana kuliko kunavyostahili. Katika bia nyeupe ya ngano, mtindo uliofufuliwa na Pierre Celis kijijini Hoegaarden mwaka 1966, ukakasi mara nyingi hutoka kwenye chungwa: umetia ganda na sehemu yake nyeupe. Kwaruza ile ya juu yenye rangi tu. Giligilani ikizidi huleta ladha ya sabuni, na wengine huiita uchungu.

Dubeli iliyo chungu kama kahawa imepata rangi mahali pasipostahili. Rangi ya dubeli hutoka kwenye sharubati nyeusi ya sukari iliyopikwa, siyo kwenye kimea kilichochomwa. Gramu 200 za kimea cheusi ndani ya lita 20 zinatosha kuigeuza dubeli kuwa staut iliyopotea njia. Sukari guru huingia vizuri badala ya sharubati, ila kidogo; ikizidi huleta uchungu wa molasi. Na sukari yoyote itie baada ya kuzima jiko, koroga hadi iyeyuke, kisha washa tena. Ikilala chini ya sufuria itaungua, na bia nzima itakuwa na uchungu wa jivu ambao hautoki.

Maji nayo yana neno. Salfeti nyingi huunoa uchungu hadi ukakata, kloridi huulainisha. Ladha ya dawa ya hospitali au plastiki ni klorini ya maji ya bomba iliyokutana na fenoli, kemikali za harufu zilizomo kwenye bia. Usiichanganye na ladha ya karafuu, ambayo katika bia hizi ni halali na hutengenezwa na hamira yenyewe. Kuchemsha huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini inahitaji kidonge cha metabisulfaiti.

Tamu na chungu kwa wakati mmoja

Hii ndiyo bia ya mtu aliyejaribu kufunika utamu kwa hopsi. Vitu viwili vinasimama mbalimbali kinywani, kimoja mbele, kingine nyuma, havisalimiani. Rudi kwenye kipimo cha mwisho; karibu kila mara kiko juu ya 1.018. Punguza joto la kuloweka, badili sehemu ya kimea kwa sukari, rudisha hopsi kwenye kiwango cha mtindo. Kama kipimo ni kizuri na bia ina wiki tatu, huenda ni changa tu. Tripeli nyingi hutulia baada ya wiki sita hadi nane. Nyeusi kali zinataka miezi.

Ilikuwa nzuri, sasa imebadilika

Ikizidi kuwa tamu kadiri inavyozeeka, uchungu wa hopsi unafifia na hewa inafanya kazi yake. Inywe mapema, au ihifadhi mahali pa baridi na giza.

Ikizidi kuwa kavu, nyepesi na yenye povu linalotoka chupani kama limetikiswa, kuna hamira inayokula vile vipande virefu ambavyo nyingine huviacha. Baadhi ya hamira za sezoni zina uwezo huo kwa asili, na hujificha kwenye mikwaruzo ya ndoo ya plastiki ukadhani umesafisha. Tripeli iliyojazwa ikiwa 1.012 inaweza kushuka hadi 1.003 ndani ya chupa. Vaa miwani na glavu, weka chupa zote kwenye friji kwanza, kisha fungua moja moja juu ya sinki ili zipumue. Ndoo na mipira uliyopikia sezoni, viwekee alama na usivitumie tena kwa bia nyingine.